Nguo za Waliofia Mbali

Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nilisukumwa. Nasema mapema ili msomi asije akanihesabia koma. Lakini shuka Moshi mjini leo, simama popote sokoni, uliza nani anauza nguo kwa jumla. Utaoneshwa kwangu. Nina vibanda, nina lori, nina nyumba ya saruji iliyosimama juu ya mashati ya watu nisiowafahamu. Nilianza na baiskeli isiyo na breki.

Katika kupanda kwangu kote huko, wapo walionionea wivu na wapo waliojipendekeza. Aliyekataa mali yangu usoni pangu, mwaka hadi mwaka, ni mmoja tu, na sikuweza kumjibu vibaya kwa sababu ndiye aliyenizalia mke. Ni mama mkwe wangu, wa Mwika. Jina lake silitaji. Jina la mama mkwe halitafunwi ovyo, na akisikia nimeliweka kwenye karatasi atanitazama lile jicho lake, nami mtu mzima nitajikuta natafuta pa kuweka mikono.

Ukitaka kumjua huyu mama, ungemkuta dukani. Miaka ile baada ya Uhuru, maduka ya nguo ya Moshi yalikuwa yamejaa mpaka majora yanatoka nje barazani. Yeye alikuwa akishuka mara moja tu kwa mwaka, pesa ya kahawa ikishatoka, Krismasi ikiwa karibu. Mume alikwisha kufariki, watoto wanamngoja nyumbani, na pesa ile ile ndiyo ya ada, ndiyo ya chumvi, ndiyo ya dawa ya ng'ombe. Kwa hiyo hakununua nguo kama watu wanavyonunua. Aliihoji.

Analowesha kidole kwa ulimi, anasugua pembe ya kitambaa, anatazama kidole.

"Hii italia," anasema.

"Mama, hii rangi imara kabisa! Haichuji!"

"Italia. Na nyumbani nina watoto wanaolia bure. Sitoi pesa kununua kingine cha kulia."

Kisha anakishika kitambaa kingine, anakiinua juani, anachungulia. Kama nyuzi zimekaa mbalimbali, anakirudisha mezani taratibu kama anayerudisha mtoto wa watu.

"Unaniuzia mashimo. Uzi umeweka wa kuyashikia tu."

Wenye duka walimwogopa. Mmoja alikuwa akimwona tu anavuka barabara anaviondoa vitambaa vya bei rahisi mbele ya meza, asije akamharibia wateja wengine kwa maneno. Maana alikuwa hasemi kwa sauti ya chini. Mwanamke mwenzake akiwa pembeni ameshika gauni la rahisi, ataambiwa papo hapo: "Dada, mwaka huu umeshanunua mangapi kama hilo? Yako wapi?" Na yule dada ataliacha, na muuzaji atasaga meno.

Mwishowe alinunua jora zima. Jora moja, rangi moja, la nyumba nzima. Krismasi wanaingia kanisani yeye na watoto wake kama shule ya bweni, mabinti magauni, wavulana mashati, na kipande kilichobaki kinakuwa pazia. Mke wangu anasema ukisimama sebuleni mbele ya dirisha ulikuwa unabaki kichwa na mikono, kiwiliwili kimepotelea ukutani.

Na alishonesha makubwa. Upindo wa gauni la mtoto ulikuwa wa kiganja kizima, na kila mwaka anaufumua kidogo. Pale ulipokuwa mwanzo unabaki mstari. Nilipomwona mke wangu kwa mara ya kwanza, pale Himo siku ya soko, nilitazama upindo wa gauni lake nikaona mistari imepangana. Wenzangu walicheka. Mimi nilisema moyoni, huyu anatoka nyumba isiyotupa kitu, huyu ndiye. Ndivyo ninavyochagua mali hata leo: sitazami mbele, natazama upindo. Na sijawahi kukosea.

Watu wa Mwika walimwita bahili. Sasa bahili gani anayempelekea fundi wa mjini kazi, wakati fundi wa kijijini yuko hapo hapo mgombani na bei yake ni nusu? Alisema fundi wa kijijini hajui kola. "Kola ndiyo uso wa shati," anasema, "na mtu akikuta uso umepinda hasubiri kusikia jina." Kwa kola alitoa pesa, na kwa kiraka pia alitoa pesa, maana kiraka chake lazima kipate uzi wa rangi ile ile. Lakini mke wangu aliniambia siri, nami naitoa kwa kuwa haimwaibishi: chini ya khanga yake ya kutokea mama yule alivaa shimizi ya gunia la unga, maandishi ya kiwanda yamelala mgongoni. Miaka yote ile anakaribia meza ya Bwana, mbele amependeza, mgongoni ni kilo tisini za sembe.

Sasa nieleze la koti, kwa sababu bila hilo hutamwelewa.

Kwetu mlimani mtu akifa, nguo zake hazitupwi na haziuzwi. Matanga yakiisha ukoo unakaa, nguo zinatandikwa chini juu ya majani ya mgomba, na zinagawiwa. Hili la mdogo wake, hili la mpwa wake, hili la rafiki aliyelala naye njaa. Mtu wa nje hazigusi kabla hazijagawiwa. Ukishapewa, unavaa, na huulizwi kwa nini umevaa cha marehemu, maana wewe ndiye unayemtembeza. Koti la marehemu baba mkwe wangu lilikwenda kwa mdogo wake. Mama yule akiwa anakata majani ya ng'ombe, shemeji yake akipita njiani na lile koti, alikuwa anainua panga kidogo na kusema, "Mmeamkaje huko?" Shemeji alijibu yeye, lakini kila mtu alijua salamu ilikuwa ya nani.

Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwendea mimi na kafa ulaya.

Vijana wa leo wanasema mitumba. Enzi zetu tulisema kafa ulaya. Mzungu kafa huko kwao, nguo yake imevuka bahari imetufikia. Ni mzaha wa sokoni tu, hakuna aliyekaa akaufikiria. Mimi nilikuwa nazitoa upande wa pili wa mpaka, Taveta, kwa njia za panya, nikiteremka na kupanda na baiskeli yangu, na sijawahi kukamatwa. Shika hilo. Wenzangu wote walikamatwa angalau mara moja.

Nikampelekea blauzi. Nzuri, ya bluu, vifungo vyote vipo.

"Shikamoo mama. Nimekuletea blauzi."

"Marahaba mkwe. Ya nani?"

"Yako, mama."

"Nauliza kabla haijawa yangu."

"Aa, hii ni kafa ulaya, mama. Mali safi kabisa, tazama hata—"

"Nani kafa?"

Nikacheka. Nikageuka kumtafuta wa kucheka naye, nikakuta niko peke yangu.

"Ni jina tu la biashara, mama."

"Unauza cha marehemu na jina lake hulijui? Alikuwa mzee? Alikuwa na watoto?" Aliishika ile blauzi kwa vidole viwili. "Na hao ndugu zake ni watu gani? Mama wa watu anafariki, hata dada yake hamvalii blauzi? Wanaifunga kwenye gunia wanaisukuma baharini?"

Akaikunja vizuri, akaniwekea juu ya mkungu wa ndizi niliokuwa nimefungiwa wa kurudi nao. "Mrudishie mwenyewe," akasema.

Ikawa ndiyo hivyo. Kila nilipokwenda na kitu, kilirudi juu ya ndizi. Shemeji zangu walifanya wimbo. "Mkwe wetu anauza maiti kwa mafungu!" Nilichekacheka nao, lakini nilikuwa naumia. Mwanaume anayevisha nusu ya mji hawezi kumvisha mama mkwe wake? Wakwe wenzangu, wenye mishahara midogo ya ofisini, walimletea khanga wakashukuriwa mbele za watu. Mimi, mwenye pesa kuliko wote, nashukuriwa kwa ndizi.

Halafu maduka yakakauka. Mnaojua miaka ile mnajua. Jora hakuna. Khanga zikifika duka la ushirika watu wanapiga kura, na anayeshinda anatembea haraka kurudi nyumbani kama aliyeiba. Nilimwona mwalimu anafundisha kaptura ina kiraka juu ya kiraka. Nilimwona mtu mzima anabaki kitandani mpaka shati lake likauke. Na mama yule akabaki anafumua mapazia ashone nguo, kurudisha kiwiliwili alichokuwa ameuazima ukuta.

Kitinda mimba wake wakati huo alikuwa anajiandaa na kipaimara. Na kipaimara kwetu ni gauni jeupe. Binti anasimama mbele ya usharika mzima, anajibu maswali ya mchungaji, na kuanzia siku hiyo anahesabiwa mtu. Nyeupe haikupatikana Mwika, haikupatikana Moshi, haikupatikana kwa kura wala kwa kujuana. Yule msichana alikuwa amekonda kwa mawazo. Mama yake akamwambia ataingia na sare ya shule, na kama anaona aibu asubiri mwaka mwingine. Msichana akanifuata mimi kwa siri, akanishika mkono: "Shemeji, hata ya marehemu."

Nikaenda Taveta. Nikapata. Jeupe, mikono mirefu, lesi kifuani. Nikalifunga katikati ya robota langu la nguo, na robota lile lilikuwa ndilo mtaji wangu wote, maana nilikuwa nimeuza hata ng'ombe kuongezea.

Nikarudi nikakuta msako wa walanguzi umeanza.

Wanaokumbuka wanakumbuka. Mlanguzi alikuwa adui. Watu walitupa sukari chooni, walizika betri mgombani, mmoja alimwaga mafuta ya kupikia mtoni na mto ukamtaja. Nilikuwa niko mlimani tayari, jua limeshatoka, baiskeli imelemewa, nasikia kutoka nyumba za juu sauti za mgambo wanagonga milango, na kutoka barabara ya chini naona gari lao. Palipobaki ni katikati, na katikati ni kihamba cha mama mkwe wangu, nyumba na migomba yake. Sikuwahi kuomba kitu katika nyumba ile. Nikaingia.

Alikuwa kwenye banda la ng'ombe. Alinitazama mimi, akatazama mzigo, akasikiliza mbwa wa jirani wanavyobweka.

"Umewaleta hapa," akasema. Nadhani alimaanisha mgambo. Mpaka leo sina hakika.

"Mama, niufiche kwenye majani tu, kidogo tu—"

"Kwangu hakufichwi kitu." Akamwita binti yake. "Kata majani ya mgomba. Mengi. Tandika uani." Kisha kwangu: "Kata kamba."

"Mama, wataona!"

"Kata kamba, mkwe."

Nikakata. Robota likapasuka, nguo zikamwagika pale uani mwangani kabisa, mashati, suruali, makoti, na lile jeupe juu. Tukawa bado tunazitandaza walipoingia: balozi wa nyumba kumi wa hapo mbele, mgambo wawili nyuma yake. Mmoja alikuwa mtu wa mlimani. Mwingine alikuwa mgeni, na huyo mgeni akaona mzigo ule akatabasamu kama mtu aliyeokota.

"Mama, hizi nini?"

Mama yule hakusimama. Alikuwa amepiga magoti ananyoosha kola ya shati.

"Ni nguo za marehemu," akasema. "Tunagawa."

Mgambo wa mlimani akarudi nyuma hatua moja. Yule mgeni akainama kuchukua koti, na balozi akamdaka mkono. "Acha! Hujaambiwa?"

Balozi alikuwa mtu mzima, anajua kila kaburi la nyumba zake kumi.

"Mama," akasema polepole, "mbona sijasikia msiba?"

"Walifia mbali."

"Walikuwa wangapi?"

Akaangalia majani yale yote, nguo zote zile. "Wengi," akasema. Na machozi yakamtoka. Nasema kweli tupu: hakuwa anaigiza. Yule mama hajawahi kudanganya hata mwenye duka. Alikuwa anasema anachokiamini tangu siku ya blauzi, na pale alipoziona zote kwa pamoja, zimelala wazi, ulimwingia msiba wa kweli.

Balozi akanitazama. Akatazama baiskeli. Kola ya shati lake mwenyewe ilikuwa imekwisha mpaka ukaonekana uzi wa ndani. Akavua kofia.

"Pole, mama."

"Tumeshapoa."

"Mnagawa leo?"

"Leo. Ukoo na majirani."

"Basi jioni nitapita," akasema, na sasa alikuwa ananitazama mimi tu, "nione kwamba mmegawa zote. Nikikuta zimebaki, nitajua si za marehemu."

Hapo nikaelewa nimekwisha. Jela nimeikwepa, na mtaji umekwenda. Walipotoka tu nikamwambia, "Mama, tutoe chache, nyingine nizi—"

"Umemsikia balozi. Na mimi nimesema mbele ya watu." Akanyanyuka. "Au ulitaka nimdanganye?"

Wakaitwa watu. Wakaja, wengine wameshikilia nguo zao nyuma zisifunguke. Akagawa kama inavyogawiwa, kwa heshima, mzee kwanza. Kila nguo aliishika, akaiangalia, akasema neno la yule aliyekuwa nayo. "Huyu alikuwa na mkono mmoja mrefu." "Huyu alivuta sigara, Mungu amsamehe." "Huyu alikuwa mnene, alikula vizuri, chukua wewe upone." Watu walicheka na kulia. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikitazama ng'ombe wangu, baiskeli yangu, miaka yangu, vinaondoka kimoja kimoja vimevaliwa. Hata balozi alipopita jioni alipewa shati, kola nzima. "Na wewe ni jirani," akaambiwa, na hakubisha.

Likabaki lile jeupe. Wasichana wa kipaimara walikuwa wamesogea karibu. Akalishika kwa muda mrefu kuliko yote.

"Huyu alikuwa msichana," akasema. "Hakumaliza."

Akamwita binti yake. Yule aliyenishika mkono akasema hata ya marehemu, sasa alikuwa ameganda.

"Mama, naogopa."

"Ogopa, lakini vaa. Yeye hakufika. Utamfikisha."

Siku ya kipaimara akasimama nalo mbele ya usharika, akajibu maswali yote ya mchungaji bila kukwama. Mwaka uliofuata likavaliwa na binti wa jirani, mwaka mwingine na binti wa balozi. Mimi nilikuwa nimeanza upya na mafungu ya vitunguu pembeni mwa stendi, na kabla watu hawajaniona nilikuwa nimeshapanda tena. Mtu mwingine angejinyonga. Mimi si mtu mwingine.

Sasa biashara imefunguliwa, robota linashuka mchana mbele ya kila mtu na ushuru unalipwa. Juzi, wakati wa baridi hii, mlima umejifunika, nikamwona mama mkwe anakuja kibandani kwangu na fimbo yake. Hajawahi kukanyaga pale. Wauzaji wangu walikuwa wanaita, "Kafa ulaya! Kafa ulaya!" Wakanyamaza wenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alitazama lundo, likamzidi kimo. "Ee mae! Wamekuwa wengi hivi? Huko kuna vita?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nimeshakuwa mtu mkubwa, nina lori, sina sababu ya kumficha mtu kitu.

"Hakuna vita, mama. Hawa hawajafa. Wengi wao wapo wanakula chakula. Wananunua nyingi, wanazichoka, wanazitoa."

Aliegemea fimbo. "Hawajafa?"

"Hawajafa."

"Basi nilimdanganya balozi."

"Mama, hukujua."

"Alivua kofia," akasema. Kisha akauliza: "Na yule msichana?"

"Labda sasa ana watoto wake."

Akatikisa kichwa taratibu, sikujua kama ni furaha au hasira. Upepo wa mlimani ulikuwa unapita, khanga yake inapigapiga, nikamwona anavyotetemeka. Nikageukia rafu ya juu ninapoweka makoti ya wakubwa.

"Sitaki hayo," akasema. "Kumwacha nduguyo afe bila kumvalia ni vibaya. Kutupa ukiwa hai sijui niite nini." Akaninyooshea fimbo kifuani. "Hilo sweta ulilovaa ni bei gani?"

Lilikuwa la Nairobi, jipya, la sufu, nilikuwa nimelivaa makusudi watu waone.

"Mama, kwako ni bure."

"Sikuja kuomba. Nimeuliza bei."

"Basi mama, toa unachoona."

Akafungua fundo la khanga yake, akaniwekea mkononi sarafu isiyonunua hata kifungo, mbele ya wauzaji wangu na wateja wangu wote. Nikalivua. Akalivaa juu ya khanga, mikono ikamfunika mpaka vidole, akajipapasa.

"Wakiniuliza ya nani," akasema, "nitasema ya mkwe wangu. Yupo, anauza pale chini."

Akashika njia ya stendi kuliwahi basi la Mwika. Nikabaki na shati, baridi inanipiga mbavu, nimefunga ile sarafu kiganjani. Wauzaji wangu wakaniuliza kama waendelee kuita kafa ulaya.

Nikawaambia waite bei.